Gesi, Nyuklia na Amana: Tumuamini Nani?

Juzi, baada ya sala ya magharibi, tulikuwa tumekaa barazani twanywa kahawa tungu, kama ilivyo ada yetu hapa Mombasa. Mazungumzo yalianza kwa bei ya umeme, yakaenda kwenye kukatika kwake, na mwisho yakafika Uyombo, kule Kilifi, ambako serikali ilinuia kujenga kinu cha umeme wa nyuklia. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Kijana mmoja aliyesomea mambo ya mitambo alikuwa akituhesabia megawati kwa vidole. Ndipo mzee mmoja, mvuvi wa miaka mingi ambaye siku hiyo alikuja mjini kumtazama mwanawe, alipoweka kikombe chini na kuniuliza:

"Maalim, nyumbani kwangu hupikia gesi. Mtungi ukivuja, naisikia harufu hata niko nje. Na hicho kinu chao kikivuja, kitanuka nini?"

Kijana yule alianza kueleza habari za vyombo vya kupimia mionzi. Mzee akamsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia: "Sawa, mwanangu. Na hicho kipimo atakishika nani?"

Hapakuwa na aliyejibu. Tulimaliza kahawa, tukaenda zetu kusali isha. Lakini mimi swali lile limekuwa nami tangu siku hiyo, na leo napenda kulitia mbele ya wasomaji wa ukurasa huu. Huenda mtu akauliza, mambo ya umeme yana nini na utamaduni? Yana mengi. Kuaminiana ni utamaduni. Namna watu wanavyopokea habari, wakaisadiki au wakaikataa, ni utamaduni. Na katika habari hii ya gesi na nyuklia, naona kwamba wataalamu wetu wamelishika suala la mitambo wakalisahau suala la watu.

HARUFU YA GESI

Wengi wetu hudhani kuwa gesi ina harufu kwa maumbile yake. Sivyo. Hii ya mitungini, na ile gesi asilia itokayo chini ya ardhi, zikisha kusafishwa hazina harufu ya kutambulika wala rangi. Harufu ile ya yai viza hutiwa na watu, kwa makusudi, ili pua ipate kujua.

Na iko sababu. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji mdogo wa New London, jimbo la Texas, Marekani, gesi ilivuja chini ya sakafu ya shule. Haikuwa na harufu, basi hakuna aliyeisikia, si mwalimu wala mwanafunzi. Cheche moja ilitosha. Watu karibu 300 walikufa siku ile, wengi wao wakiwa watoto waliokuwa wakingoja kwenda makwao. Haukupita muda mrefu Texas ikatunga sheria kwamba gesi lazima itiwe harufu.

Kwa hivyo harufu ile inayotukera jikoni ni ushahidi ulionunuliwa kwa roho za watoto. Ni shahidi asiyehongeka. Hangoji ruhusa ya mkubwa, na humwambia mwenye nyumba na mtumishi wake kwa wakati mmoja. Mama asiyejua kusoma na mhandisi wa chuo kikuu, mbele ya harufu ile, ni sawasawa.

KINU KISICHONUKA

Ama nyuklia, hali yake ni nyingine. Kwa lugha nyepesi, kinu cha nyuklia ni birika kubwa. Chembe za madini ya urani hupasuliwa, joto likatoka, maji yakachemka, mvuke ukazungusha mitambo ya umeme. Hakuna moshi. Tani moja ya urani hutoa nguvu ambazo makaa ya shehena nyingi hayatoi. Hilo ni jambo la kweli, wala si vyema kulikana.

Lakini kuna tofauti moja ambayo haina budi kuelezwa waziwazi. Jiko la gesi ukilifunga, limezima. Kinu cha nyuklia ukikizima, kiini chake huendelea kutoa joto kwa siku na miezi, na lazima maji yaendelee kukipoza. Tena, mionzi yake haionekani, hainuki, haina ladha, na mkono hauihisi. Mtu hana la kufanya ila kungoja aambiwe na yule mwenye kipimo.

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kusoma shuleni twaijua elimu hii kwa jina lake. Wanazuoni wa hadithi hawakuipokea habari kwa uzuri wa maneno yake. Waliuliza: fulani ameipokea kwa nani? Na yule naye kwa nani? Akipatikana katika mnyororo ule mtu mmoja aliyejulikana kwa uongo, au hata kwa kusahausahau, habari nzima hudhoofika. Hiyo ndiyo isnadi. Mvuvi yule wa barazani hakuuliza suala la fizikia. Aliuliza isnadi ya kipimo.

Natutazame basi wapokezi wa habari hizi walivyokuwa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986, kinu cha Chernobyl, katika Ukraine iliyokuwa chini ya Sovieti, kililipuka. Watu wa mji wa Pripyat, karibu 49,000, waliamka asubuhi ile wakaendelea na shughuli zao, watoto wakicheza nje. Walihamishwa siku ya pili yake, mchana. Ulimwengu haukuambiwa na Moscow. Ulijua tarehe 28, baada ya vipimo vya kinu cha Forsmark huko Sweden, mbali na hapo zaidi ya kilomita elfu moja, kupiga kengele kwa mionzi iliyokuwa juu ya viatu vya mfanyakazi. Jioni ya siku hiyo ndipo Sovieti ilipokiri. Na tarehe 1 Mei, katika mji wa Kiev, gwaride la wafanyakazi likafanywa kama kawaida.

Huenda msomaji akasema: hao walikuwa ni Wasovieti, na siri ilikuwa ndiyo desturi yao. Haya, twende Japani, nchi yenye nidhamu na elimu. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilileta wimbi la kiasi cha mita 14 juu ya kinu cha Fukushima, kilichokuwa kimejengwa kwa hesabu ya wimbi la chini ya mita 6. Mashine za kusukuma maji ya kupoza zikakosa umeme, na viini vya vinu vitatu vikayeyuka. Baadaye ikajulikana kwamba kampuni yenyewe ilikuwa imefanya hesabu mwaka 2008, ikaona kuwa wimbi la zaidi ya mita 15 laweza kuja, na ukuta haikuuinua. Wala hilo halikuwa la kwanza, maana mwaka 2002 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imekiri kughushi kumbukumbu za ukaguzi wa vinu vyake. Watu zaidi ya 150,000 waliyahama makazi yao.

HAKI NA ITENDEKE

Hapa yanipasa kuwa mwadilifu, maana aelezaye upande mmoja tu naye hudhoofika isnadi yake.

Wataalamu waliohesabu vifo kwa kila kipimo cha umeme unaozalishwa, wakitia ndani ajali na moshi unaoingia mapafuni mwa watu, wanaona kwamba gesi huua watu karibu 3 pale ambapo nyuklia haifiki hata sehemu ya kumi ya mtu mmoja. Na katika hesabu hiyo Chernobyl na Fukushima zimo. Huko Fukushima kwenyewe, serikali ya Japani imekiri kifo kimoja tu cha mfanyakazi kwa sababu ya mionzi, lakini watu zaidi ya 2,000 wa jimbo hilo walikufa kwa taabu za kuhamishwa na kuhangaika, wengi wao wazee. Kwa hivyo hofu nayo huua, na uhamishaji wa papara huua.

Tena hapa petu Afrika, kinu cha Koeberg, karibu na Cape Town, kinatoa umeme tangu mwaka 1984. Na ndugu zetu walioko Ghuba watakuambia habari za kinu cha Abu Dhabi kiitwacho Barakah, neno tunalolijua sote. Vinu vyake vinne vilianza kazi kimoja kimoja kati ya mwaka 2020 na 2024, na sasa vinatoa kiasi cha robo ya umeme wa nchi ile. Wale ni watu wenye mafuta na gesi chini ya miguu yao, na bado wameichagua nyuklia. Mtu asiseme kwamba jambo hili ni wazimu.

Na gesi nayo isipambwe. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mahali paitwapo Mradi, Embakasi, Nairobi, gesi ililipuka katika kituo kilichokuwa katikati ya nyumba za watu. Kuna waliokufa, na mamia walijeruhiwa. Mamlaka ya nishati ilisema kuwa ilikuwa imeyakataa maombi ya kujenga kituo hapo mara tatu mwaka 2023. Basi ilikataa, na kituo kikafanya kazi. Harufu ni shahidi, lakini shahidi bila kadhi hafai kitu.

PWANI NA AHADI

Kwa nini basi watu wa Uyombo walikataa? Wako waliosema kuwa ni ujinga, kwamba wavuvi hawajui sayansi. Mimi sikubali.

Mpango uliotangazwa ulikuwa wa kinu cha megawati 1,000, kwa gharama ya kiasi cha shilingi bilioni 500, kiwe tayari mwaka 2034. Mahali penyewe ni jirani ya Watamu, hori la Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako mvuvi, nyuki na mtalii wote wana riziki yao. Mwezi wa Mei mwaka 2024 maandamano yalikutana na polisi, na watu wakaumia. Sasa nauliza, serikali inayotaka kuaminiwa na atomu, huanza na rungu?

Watu wa pwani wana kumbukumbu. Lamu walitakiwa wakubali mtambo wa makaa ya mawe, wakaambiwa ni salama. Walikwenda kwenye baraza la mazingira, na mwezi wa Juni mwaka 2019 baraza hilo likaifuta leseni, sababu moja kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa kama inavyopasa. Hapa Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya madini ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, lakini sumu ilikuwa imekwisha ingia katika damu za watoto. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mshtuko wake si ujinga. Ni elimu aliyoilipia.

Nitasimulia kisa kimoja nilichokishuhudia mwenyewe. Nalikwenda mkutanoni, mahali ambapo sitapataja, na afisa mmoja, ambaye pia simtaji, alikuja kuwaeleza wananchi habari za nyuklia. Alisema kwa Kiingereza, akawa na mkalimani. Alipofika kwenye mionzi, mkalimani alikwama kidogo, kisha akasema "mwangaza". Bibi mmoja wa makamo akainua mkono, akasema: "Mwanangu, mwangaza ni kitu kizuri. Mbona basi mwasema mtaujengea ukuta?" Watu walicheka, afisa naye akacheka asijue kinachochekwa, na mkutano ukaandikwa kuwa wananchi wameelimishwa.

Mimi sikucheka sana. Kiswahili kina maneno haya yote: mionzi, kinu, kiini, taka, kupoza, kuvuja. Asiyejua kuyasema kwa lugha ya anayeambiwa, ama hajui anachokieleza, ama hajali kueleweka. Na mkataba usioeleweka na upande mmoja, hata sheria yetu ya biashara ya mbuzi sokoni haiukubali.

Kinyume chake, nataka wasomaji wakumbuke tarehe 26 Desemba 2004. Wimbi la tsunami lililoangamiza watu Indonesia, Sri Lanka na kwingineko lilikuwa likija kwetu pia. Habari zilifika mapema, watu wakaambiwa watoke ufuoni, wakatoka. Katika pwani yote ya Kenya alikufa mtu mmoja. Hakuna aliyeuliza megawati siku ile. Habari ilikuja kwa wakati, kwa maneno ya kueleweka, na watu wakaitii. Basi watu wetu wanajua kuamini. Wakipewa ukweli, huushika.

MAONI YANGU

Nikiulizwa kati ya hizi mbili, nasema leo kwa pwani yetu gesi ingetangulia. Sisemi hivyo kwa kuwa gesi haiui, maana nimekwisha onyesha kuwa inaua zaidi. Nasema kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kipimo. Matumizi ya umeme ya Kenya nzima, saa ile yanapokuwa makubwa kabisa, yalipita megawati 2,300 mwaka 2025. Kinu kimoja cha megawati 1,000 kikizimika ghafla, ni kama nyumba kuondokewa na nguzo karibu ya nusu ya paa. Mitambo ya gesi hujengwa kidogo kidogo, na huwashwa na kuzimwa kwa haraka, hata ikasaidiana na upepo, jua na mvuke wa Olkaria, ambao ni neema yetu wenyewe.

Ya pili ni ujirani. Gesi iko kwa ndugu zetu Watanzania, tangu ilipogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Mei mwaka 2021 nchi zetu mbili zilikubaliana juu ya bomba kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, na jambo hilo bado liko kwenye karatasi. Nalo lina funzo lake. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walifanya ghasia kwa kuona gesi yao inapelekwa Dar es Salaam na wao wamebaki na vibatari. Roho zilipotea. Hao hawakuogopa mlipuko, waliogopa kudhulumiwa. Kwa hivyo hata gesi, bila uaminifu, hugeuka moto kabla haijawashwa.

Ya tatu, na ndiyo kubwa, ni urefu wa amana. Kosa la gesi, Mungu apishie mbali, huonekana siku ile ile na mwenye kosa hujulikana. Amana ya nyuklia ni ya kizazi hata kizazi. Kinu hufanya kazi miaka 60, na taka zake hubaki na madhara kwa maelfu ya miaka. Anayesema "niaminini" leo hatakuwapo, wala wajukuu wake. Amana kama hiyo haikabidhiwi kwa hotuba. Hukabidhiwa kwa vitendo vya muda mrefu.

Wala gesi nisiipe cheti cha kudumu. Inachafua hewa, ingawa si kama makaa, na ikivuja kabla ya kuchomwa huzidi kuupasha ulimwengu joto. Ni daraja la kuvukia. Daraja halijengewi nyumba.

Mwaka 2025 mazungumzo ya kinu yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Viktoria. Wako waliofurahi hapa pwani, wakasema tumepona. Mimi sikufurahi. Dini yetu haituruhusu kumtakia jirani lile tusilojitakia wenyewe. Ikiwa jambo ni jema na la amani, lingeelezwa Uyombo likaeleweka. Ikiwa lina shaka, shaka hiyo haiyeyuki kwa kuvuka Bonde la Ufa. Swali la mvuvi lingali palepale, na mvuvi wa ziwa ana haki nalo kama wa bahari.

Basi wanaotaka kujenga, iwe kinu au bomba, nawapa masharti ya barazani. Vipimo visishikwe na mjenzi peke yake. Viwekwe hadharani, kila siku, mahali ambapo mwalimu wa shule, imamu, padri na mvuvi watavisoma, na mkaguzi awe mtu asiyekula mkate wa anayekaguliwa. Ripoti ziandikwe kwa Kiswahili kabla ya mkutano, si baada yake. Ijulikane mapema taka zitakwenda wapi, na nani atalipa likitokea la kutokea. Na anayeuliza asipigwe, maana kuuliza ndiko kunukia kwa hatari isiyo na harufu. Ukiyafunga midomo ya watu, umeiondoa harufu katika gesi, na ya New London twayajua.

Juma lililopita nilimwona tena yule mzee, akarudi kijijini kwake na mtungi mpya wa gesi juu ya bodaboda. Nikamwambia bado sijapata jibu. Akasema, "Usinipe wewe, Maalim. Mwambie mwenye kinu anipe." Basi namfikishia salamu zake kwa ubeti huu mmoja:

Mwenye amana niambe, kabula moto kuwasha,
Usinifiche uzembe, siku mambo yakichusha,
Taka zake usirembe, sema wapi wazishusha,
Kweli haitaki pembe, nena ipate kutosha.